Mzigo wa Kidole cha Mwisho

Andika neno "mkono" kwenye kompyuta yoyote ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Mkono wa kulia utalimaliza peke yake, wa kushoto usiguse kitu. Andika "barabara", na kazi yote inahamia kushoto. Andika "kilimo", imerudi kulia. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyeamua iwe hivyo. Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, walikuwa wakihangaika na mashine ya kuandikia Kiingereza. Walipata hataza yao ya kwanza mwaka 1868, kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mashine hiyo mwaka 1874, na ilipotoka Remington No. 2 mwaka 1878, yenye herufi kubwa na ndogo pamoja, safu ya Q-W-E-R-T-Y ilikuwa imekwisha kutulia. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama herufi zilitawanywa ili nyundo zisigongane, au ili ziwafae wapokeaji wa simu za maandishi. Kwa vyovyote vile, Kiswahili hakikuwamo katika hesabu.

Nataka kuifuata historia ya vitufe hivi hadi Kinanie. Kinanie ni wadi ya Mavoko, Kaunti ya Machakos, na inajulikana kwa ngozi kuliko kwa maandishi: ndiko serikali ilikotenga ekari 500 za eneo la viwanda vya ngozi. Jirani yake, Athi River, kuna eneo la EPZ lililotokana na sheria ya mwaka 1990, ambako nguo hushonwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Katika viwanda vya nguo kila mshono una muda wake uliopimwa, na kila mkunjo wa mkono una hesabu. Lakini siku hizi, kati ya ploti zilizozungushiwa seng'enge na nyumba mpya za kupanga, kuna kazi nyingine ya mikono ambayo haina msimamizi mwenye saa: unukuzi wa sauti, uhariri, uandishi wa programu. Tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009, kijana mwenye laptopu ya mitumba anaweza kukaa Kinanie akanukuu mahojiano yaliyofanyika Chicago, akalipwa kwa dakika ya sauti. Akimaliza siku, kinachomuuma ni kifundo cha mkono na kidole cha mwisho cha kushoto. Kuna sababu ya kidole hicho kuumia, na sababu hiyo ina historia ndefu.

Kabla ya vitufe palikuwa na kalamu ya tete. Waandishi wa Pate, Siyu na Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi; nakala ya Utendi wa Tambuka ina tarehe inayolingana na mwaka 1728. Mwandishi wa namna ile alikuwa na uhuru ambao mashine ilikuja kuuondoa: neno lililosahauliwa alilitia pambizoni na kuonyesha mahali pake, kisha akaendelea. Mkono ulikwenda popote kwenye karatasi bila kuomba ruhusa.

Herufi za Kilatini zilifika bara na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, akasafiri hadi Ukambani mwaka 1849 na tena 1851, safari ya pili ikiishia kwa kuuawa kwa mwenyeji wake, mfanyabiashara Kivoi. Katikati ya safari hizo, mwaka 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kikamba kina irabu saba, na alfabeti ya Kilatini inazo tano. Baada ya majaribio ya miongo kadhaa, Kikamba kama Kikuyu kikakubali alama ya wimbi juu ya herufi: ĩ na ũ. Mtu ni mũndũ. Mti ni mũtĩ, na ikiwa mingi ni mĩtĩ. Angalia zilipokaa alama hizo: kwenye viambishi vya ngeli, mwanzoni mwa neno, zikijirudia katika kila sentensi. Herufi zinazohitajika zaidi ndizo ambazo mashine ya Sholes haikuwa nazo.

Kiswahili kilipata njia nyepesi. Edward Steere na matbaa ya misheni ya UMCA kule Unguja walikichapa kwa herufi za Kilatini bila alama, na usanifishaji uliosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ulibaki na herufi hizohizo. Kwa hiyo taipureta ilipoingia maofisini, Kiswahili kilienea juu yake bila kupungukiwa hata herufi moja. Kilichobaki kilikuwa ziada. Q na X hazina kazi katika lugha yetu. C husubiri H ndipo ipate maana. Nayo "a", ambayo ndiyo herufi inayoongoza katika ukurasa wowote wa Kiswahili utakaoufungua, ilikuwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Mpiga taipu wa Kikamba alikuwa na mawili ya kuchagua: aziache alama, au aitoe karatasi na kuzitia kwa kalamu. Wengi waliziacha. Ndiyo maana majina ya watu wa Machakos katika vitambulisho, vyeti vya shule na hati za ardhi hayana alama hata moja, na jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, lilichapwa uchi magazetini kwa miaka mingi. Wataalamu walilijua jambo hili. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilishauri alama za juu ziepukwe na herufi mpya zitumike badala yake. Mkutano wa Niamey wa mwaka 1978 ulipendekeza alfabeti ya pamoja ya Afrika. Michael Mann na David Dalby wakaipanua mwaka 1982 kuwa ya herufi ndogo tupu, na baadaye ukatolewa mpangilio wa kibodi uitwao wa Niamey. Kuondoa herufi kubwa ili kupata nafasi ya vitufe ni wazo la ujasiri, na mimi naliheshimu, ingawa ofisi hazikulipokea.

Wakati huohuo vyuo vya ukatibu vya Kenya vilikuwa vikifundisha vidole. Vitufe vilifunikwa kwa kitambaa, darasa zima likagonga a-s-d-f kwa pamoja, na kasi ikapimwa kwa maneno kwa dakika, kila "neno" likihesabiwa kuwa vibonyezo vitano. Kipimo hicho nacho kilikuwa cha Kiingereza. "Nitakapokuandikia" ni neno moja la herufi 17, lakini kwa mtihani ni zaidi ya maneno matatu. Wahitimu wa vyuo hivyo, wengi wao wanawake, ndio walioendesha ofisi za serikali changa baada ya uhuru, na sijaona historia ya Kenya inayowapa nafasi wanayostahili.

Kuna jambo moja kuhusu taipureta ambalo husahauliwa: ilikwenda mbele tu. Kosa lilifutwa kwa raba, na kama palikuwa na nakala tatu za kaboni, lilifutwa mara nne. Kuhamisha aya kulimaanisha kuchapa ukurasa upya. Ndiyo maana ubishi wote wa mipangilio ya herufi ulikuwa ubishi wa kasi ya kwenda mbele. August Dvorak wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliyepata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936, aliongozwa na utafiti wa mwendo na muda wa Frank na Lillian Gilbreth, elimu ileile inayopima mishono katika viwanda vya nguo. Aliziweka irabu zote tano kwenye safu ya katikati ya mkono wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana kulia, ili mikono ipokezane.

Kwa mtu wa Kiswahili wazo hili linavutia mno. Silabi zetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Hakuna lugha inayoonekana kufaa zaidi kwa mikono inayopokezana. Lakini jaribu. Dvorak alipima Kiingereza, na katika Kiingereza K, J, P na Y si herufi za kila dakika, basi akazitupa kushoto pamoja na irabu. Matokeo yake "kupika" inaandikwa yote kwa mkono wa kushoto. "Kijiko" vilevile, na "pikipiki", na "paka", na "jiko". Mpangilio uliosifiwa kwa kuupumzisha mkono unaubebesha mkono mmoja jiko zima. Colemak, aliyoitoa Shai Coleman mwaka 2006, ina busara zaidi kwa kuwa haizihamishi Z, X, C na V, lakini nayo imepimwa kwa Kiingereza. Waingereza Lillian Malt na Stephen Hobday, katika miaka ya 1970, walitengeneza kibodi ya Maltron yenye mabonde mawili ya mikono na vitufe vya gumba, na gumba wakalipa E, herufi inayoongoza katika lugha yao. Kwa Kiswahili heshima hiyo ingekuwa ya "a".

Wenzetu wa Goma na Bukavu wana mzigo mwingine. Ubelgiji iliwaachia kibodi ya AZERTY, ambamo A imepanda safu ya juu mahali pa Q. Herufi kuu ya Kiswahili inafuatwa huko na kidole kilekile dhaifu, safari hii kikiwa kimenyooshwa. Kenya nayo hupata ladha ya mipangilio ya wengine kupitia laptopu za mitumba: ile iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na muuzaji hubandika vibandiko juu ya vitufe ili mteja asistuke.

Kioo cha kompyuta ndicho kilichobadilisha kila kitu, kwa sababu kilirudisha uhuru wa yule mwandishi wa Pate: mtu aliweza tena kurudi nyuma. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott wa maabara ya Xerox, Palo Alto, walitengeneza utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika tunaoutumia hadi leo. Mwaka 1976 Bill Joy wa Berkeley aliandika vi, programu ya kuhariri, akitumia mashine ya ADM-3A ambayo haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Hivyo mkono wa kulia uliongoza kielekezi, ule mstari unaopepesa, bila kuondoka kwenye safu yake. Mpangilio wa mishale tunaoujua, mmoja juu na mitatu chini, ulienezwa na kibodi ya kampuni ya DEC ya mwaka 1982, na uliwekwa pembeni kabisa, mahali ambapo mkono lazima usafiri kuufuata. Kisha katikati ya muongo huo IBM ilikihamisha kitufe cha Ctrl kutoka kando ya A hadi pembe ya chini, na mahali pake pazuri ikawekwa Caps Lock.

Hapo ndipo kidole cha mwisho kilipoongezewa mzigo. Mnukuzi wa Kinanie anapoandika Kiswahili, kidole hicho kinabonyeza "a" bila kupumzika. Kinashika Shift kwa herufi kubwa. Kinajikunja hadi pembeni kushika Ctrl kila anapokata, kunakili, kubandika au kutengua. Na juu ya hayo, kila anapotaka kurekebisha neno moja, mkono wa kulia unatoka mahali pake kwenda kwenye mishale na kurudi. Magumba mawili, yenye nguvu kuliko vidole vyote, yanagonga kitufe cha nafasi tu. Na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, hata hicho hayakigongi mara nyingi kama ya Mwingereza.

Programu ya Bill Joy ilizaa mtoto anayetuhusu moja kwa moja. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika wilaya ya Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, akajitolea kwa muda wa mwaka mmoja hivi kama mhandisi wa maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Rakai ilikuwa imeonja ukimwi mapema sana, na nyumba nyingi zilikuwa zimebaki na watoto na bibi zao. Aliporudi alisaidia kuanzisha shirika la ICCF Holland, na badala ya kuuza programu yake akawaomba watumiaji wachangie masomo na matibabu ya watoto wa Kibaale. Ombi hilo aliliweka kwenye ukurasa wa kwanza wa programu. Wahandisi wa dunia nzima, waifungue Vim wakiwa Tokyo au São Paulo, mara nyingi hukutana na jina la Uganda kabla hawajaandika herufi moja. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Sijui chombo kingine cha uandishi ambacho kimeibeba Afrika Mashariki mbele ya macho ya watu wengi hivyo, na inafaa wanafunzi wetu wa kompyuta wafundishwe habari zake kabla ya amri zake.

Amri zenyewe, hata hivyo, zinastahili kutazamwa kwa jicho la mtu wa lugha za Kibantu. Mwingereza akibadili umoja kuwa wingi hugusa mwisho wa neno, tena mara nyingi neno moja. Sisi tunagusa vichwa vya maneno, na ya sentensi nzima. Chukua "kitabu hiki kizuri kimepotea". Mhariri akitaka viwe vingi, lazima aingie katika kila neno: vitabu, hivi, vizuri, vimepotea. Kwa mishale ya pembeni ni safari ndefu. Katika Vim, kielekezi kikiwa juu ya k ya kwanza, unabonyeza r na v, na k inakuwa v. Unabonyeza w kurukia neno linalofuata, f na k kufika kwenye k ya "hiki", kisha nukta, ambayo hurudia badiliko lililopita. Tena w na nukta. Tena w na nukta. Vitufe kumi, na mkono haujasafiri popote. Sarufi ambayo wanafunzi hulalamikia ugumu wake inageuka kuwa mdundo: ruka, rudia, ruka, rudia.

Hata asiyetumia Vim anaweza kuonja faida hii. Kwenye Windows, Ctrl pamoja na mshale wa kulia hukupeleka mwanzoni mwa neno linalofuata, pale hasa tunapohitaji. Kwenye Mac, Option na mshale huo hukushusha mwishoni mwa neno, na mwandishi wa Kiswahili hubaki akirudi nyuma kutafuta kiambishi. Na zote zimejengwa na watu wasiomjua ng'ombe. Vim huiona alama ya ritifaa kama mpaka wa maneno, hivyo ukiiamuru ifute "ng'ombe" hufuta "ng" na kumwacha mnyama amekatwa kichwa. Mstari mmoja wa mipangilio, wa kuiambia kwamba ritifaa ni sehemu ya neno, unamponya. Lakini lazima mtu aujue.

Alama za Kikamba nazo zilipitia adha yake. Seti ya herufi ya ISO 8859-1 ya mwaka 1987, iliyotawala kompyuta za Magharibi, ilikuwa na wimbi juu ya a, n na o kwa ajili ya Wareno na Wahispania. Haikuwa na ĩ wala ũ. Herufi hizo ziliingizwa katika seti ya nne, iliyolenga kaskazini mwa Ulaya na Greenland, Ukambani haikukusudiwa. Unicode ilizikusanya zote katika miaka ya 1990, lakini mpangilio wa Windows uitwao US-International hadi leo unakubali wimbi juu ya a, n na o tu. Ukibonyeza wimbi kisha u, unapata wimbi na u vikiwa vimetengana. Waliotutoa hapo ni watu wa programu huria na watafsiri wa Biblia: Keyman, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya Kilao na kuchukuliwa na SIL mwaka 2015, inamruhusu mtu ajitengenezee kibodi ya lugha yake, na mifumo ya Linux ina mpangilio wa Kenya wenye tawi la Kikuyu, ambalo linamfaa Mkamba pia, kwa kuwa ĩ na ũ ni zilezile.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vifaa vinaendana na mfanyakazi. Mnukuzi wa nyumba ya kupanga ya Kinanie hana mwajiri anayeweza kumshika kwa sheria hiyo, na kibodi zilizogawanyika pande mbili, kama ErgoDox na ndugu zake zinazoendeshwa kwa programu ya QMK, bado ni za kuagiza kutoka nje kwa bei ya laptopu nzima ya mitumba. Ninachomshauri ni tofauti. Asizihamishe herufi, kwani siku atakapokaa saibani au ofisini kwa mtu mikono yake itapotea. Aihamishe miondoko. Programu za bure kama keyd na AutoHotkey zinaweza kukifanya kitufe cha Alt cha kushoto, kilicho chini ya gumba, kiwe Ctrl, na kidole cha mwisho kikapona siku hiyohiyo. Zinaweza kukifanya Caps Lock, kinaposhikiliwa, kigeuze H, J, K na L kuwa mishale, na vitufe vilivyo juu yake kuwa vya kuruka neno zima mbele na nyuma. Wiki ya kwanza itakuwa ya polepole na ya kuudhi.

Na akiwa mwandishi wa Kikamba, aifanye Alt ya kulia, nayo iko chini ya gumba, kuwa ya alama: ikishikwa pamoja na u itoke ũ, pamoja na i itoke ĩ. Vidole vinabaki kwenye herufi vilizozizoea, mũtĩ unageuzwa mĩtĩ kwa kubadili herufi moja, na majina ya watu yanaweza kuanza kuandikwa kama wenyewe wanavyoitana.